Nilivyoanguka Madhabahuni

Nilitoka nyumbani Kaloleni asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, bila kujua niendako. Nilijua tu ninachokikimbia. Sauti iliyokuwa imenyamaza kichwani mwangu kwa miezi ilikuwa imerudi, ikinituma nifungue mlango, nifunge, nifungue tena.

Wiki chache kabla, mama alinipeleka kanisani kwake, mbele madhabahuni, kuombewa. Katika kanisa lile, mchungaji akikuwekea kiganja kwenye paji la uso, unaanguka. Wazee wamesimama nyuma kukudaka. Asiyeanguka huambiwa pepo lake ni sugu. Nilimwona fundi viatu mmoja akisukumwa mpaka jua likahama dirisha. Mimi shule niliiacha mapema lakini kuchunguza sijaacha, na nilikuwa nimeona kwamba wengi huchungulia nyuma kwanza, waone kama wa kuwadaka yupo. Nami nikachungulia, nikaanguka.

Nilidhani sasa wataniacha. Lakini aliyeanguka amepona, na aliyepona hamezi dawa. Jioni hiyo mama, akilia kwa furaha, alimwaga chooni vidonge vyangu vya kliniki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kuniogopa. Kama ningemwambia nilijiangusha, wangesema ni pepo linalojitetea. Hilo lilinitisha kuliko sauti yenyewe: neno lolote ambalo ningesema, lingehesabiwa si langu.

Basi asubuhi ile miguu ilinipitisha soko la Jericho. Kila muuzaji aliyeniita nilimtazama mdomo kwanza, nione kama kweli ni yeye anayesema. Mmoja aliyeuza mitumba akaniuliza, "Niaje, unanihesabu meno?" Wenzake wakacheka. Nikaondoka haraka, na mchana nikajikuta kwenye foleni ya kliniki. Muuguzi alitaka kujua mbona dawa imeisha mapema. Nikasema imemwagika, akanipa nyingine.

Kwetu sikuweza kurudi nayo. Nikaendelea kutembea, na jua lilipoanza kulegea nilikuwa Kayole, nikiuliza chumba. Mama mwenye nyumba alinionyesha kimoja, huku akiuliza kama nimeokoka, nasali wapi, na mbona nimechoka hivyo. Nikasema ni njaa. Akaniletea uji.

Nikatoa kidonge mbele yake. Nilitaka kujua mapema kama nitakaa au nitaondoka.

"Hiyo ni ya nini, kijana?"

"Ya kichwa. Nisipomeza, naitwa na mtu ambaye hayupo."

Alikitazama kidonge. "Na ukiombewa?"

"Niombee tu, mama. Lakini niwe nimeshameza."

Akacheka kidogo. "Meza basi, uji unapoa."

Nikameza. Akaniachia ufunguo, akaniambia kwamba majirani hukutana kwake Jumatano kwa maombi, na mlango wake haufungwi.

Wa kwangu ulikuwa na komeo kwa ndani. Nililifunga, nikaketi sakafuni kungojea dawa ishike. Kila mama mwenye nyumba alipopita nje akiimba pambio, nilishika mfuko wa shati kuhakikisha vidonge bado vipo.