Wivu wa Kuazima

Mume akimwonea mkewe wivu, watu humcheka kidogo kisha humpa haki yake. Humwambia mke, mvumilie, anakupenda huyo. Lakini mume anayemwonea mkewe gere kwa sababu amepata kazi kubwa kuliko yeye, jamani, huyo ataficha wapi uso wake? Ndilo balaa lililomkuta bwana mmoja ambaye wenzake wa chuo walimpachika jina la Mirihi, kwa kuwa kutwa kucha alikuwa akiizungumzia sayari hiyo nyekundu utadhani ana shamba huko.

Mkewe naye walimwita Zohali. Yeye alishika njia ya sayari ile yenye pete, na hasa miezi yake iliyofunikwa na barafu. Wote wawili walikuwa madaktari, ila madaktari wa vitabu. Jirani yao wa ghorofa ya chini hakulielewa jambo hilo hata siku moja. Mtoto wake akikohoa, humleta mlangoni, na Mirihi humweleza upya kwamba yeye hatibu watu, anachunguza udongo. "Basi muangalie hata koo," jirani husema, na Mirihi humuangalia koo.

Walikuwa katika lile kundi la watafiti waliokwisha kupata udaktari lakini hawajapata kiti chao chuoni. Unapewa mkataba mfupi kwenye maabara ya mtu, unafanya kazi kama punda, unaandika makala, na ukianza tu kujua wapi panauzwa mkate mzuri, mkataba umekwisha, funga virago. Mirihi alikuwa akitengeneza udongo wa kuigiza wa sayari yake, akiufungia ndani ya chupa nene iliyonyonywa hewa, akiupiga mwanga mkali wa kuunguza, aone kama mabaki ya uhai yangeweza kujificha humo yasiteketee. Zohali alifuga vijidudu vinavyoishi ndani ya chumvi, katika chupa za maji yenye rangi ya waridi. Hoja yake ilikuwa kwamba kama hivi vinavumilia chumvi kiasi hiki hapa, huenda kuna vingine vinavyovumilia bahari za chumvi chini ya barafu kule. Mama yake hakuipenda hoja hiyo. "Wadudu wa hapa duniani wameisha, mwanangu," alikuwa akimuuliza, "hata uwafuate mbinguni?"

Basi ikatangazwa kazi ya kudumu. Ya kudumu! Watu wa fani ile hulitamka neno hilo kwa sauti ya chini, wasije wakalifukuza. Nafasi ilikuwa moja tu, katika taasisi ya mji mwingine, kuongoza maabara mpya ya kutafuta dalili za uhai nje ya dunia yetu. Mume akaomba, mke akaomba. "Atakayepata, mwenzake atamfuata," waliahidiana, wakapeana mkono juu ya meza ya jikoni na kucheka. Jioni walikuwa wakiulizana maswali ya usaili, mmoja akijifanya jopo, mwingine akijibu huku anamenya viazi. Ilikuwa raha tupu. Lakini tuseme kweli, Mirihi aliahidi kwa moyo mkunjufu kwa sababu alijua fika kwamba atakayepata ni yeye.

Hakupata. Alijibiwa kwa mistari miwili ya kusikitika na kumtakia kila la heri. Siku iliyofuata simu ya Zohali ikalia, akaingia nayo chumbani na kufunga mlango. Mpigaji alikuwa mkuu wa ile taasisi, mzee mmoja mgane mwenye sauti nzito, aliyejulikana kwa wote kama Profesa wa Chumvi, kwa kuwa naye maisha yake yote alichunguza chumvi. Mirihi akiwa sebuleni alimsikia mkewe akicheka kicheko kirefu cha furaha, kisha kicheko kikakatika ghafla. Zohali alipotoka alikuwa ameifuta furaha yote usoni.

"Wamenichukua," alisema, kama mtu anayeleta habari ya msiba.

"Aa. Vizuri," alijibu Mirihi. "Chakula kimeiva?"

Ni hapo donge lilipomkaa. Kama mkewe angerukaruka na kumringia, pengine angepata pa kuanzia ugomvi. Lakini kufichwa furaha kama mgonjwa anavyofichwa habari mbaya, hilo lilimchoma hadi kwenye mifupa. Akaingiwa na roho ya kwa nini. Kwa nini yeye? Kwa nini vijidudu vya chumvi na si udongo? Mimi si ndiye niliyemfundisha kuchora grafu? Kule kazini, badala ya kuangalia chupa zake, alizitoa makala za mkewe akazisoma neno kwa neno akitafuta kosa. Alisoma siku nzima asilione, machozi yakamlengalenga. Hatimaye akagundua grafu moja ambayo upande mmoja haukuandikwa kipimo chake, na akafurahi mpaka jioni kama aliyeokota pesa njiani. Mwanaume mzima, na ndevu zake!

Asubuhi moja wakiwa wanakunywa chai, Profesa wa Chumvi akapiga tena kuulizia habari za nyumba ya kuhamia. Zohali alipokata simu, Mirihi alikibamiza kikombe mezani, chai ikaruka.

"Kuna nini?" aliuliza mkewe.

Alichotaka kusema hakikusemeka. Akachukua kilichokuwa karibu. "Huyo Profesa wako anapiga mno. Hana watu wengine wa kuongea nao?"

Zohali alimtazama kwa mshangao, kisha tabasamu likamtoka polepole. "Wee! Una wivu wewe!"

Mirihi akafungua kinywa akane, akakifunga. Maana alipolisikia neno lile aliliona linamtosha kama shati lililoshonwa kwa vipimo vyake. Wivu! Hata mfalme huwa nao. Gere ni ya watu wadogo wa roho, lakini wivu wa ndoa ni jambo la heshima, mtu hukaa nao barazani bila kujificha. "Na nisiwe nao kwa nini?" alisema, akanuna. Mkewe akaja akamshika shavu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo bwana akauvaa wivu ule wa kuazima na kutembea nao mjini. Simu ikilia, anakohoa. Jina la Profesa likitajwa, anasukuma sahani. Akauliza mzee yule ana umri gani, anavaaje, na alifiwa na mke lini, ingawa ukweli ni kwamba hakujali hata kama angekuwa na mkia. Na watu wakampa pole! Mama mkwe, aliposikia, alisema, "Muache awe nao. Mume asiye na wivu ni kabati." Shemeji yake, mdogo wa Zohali, fundi wa majokofu mwenye mdomo usiopumzika, alimvuta pembeni kumpa nasaha za kiume.

"Shemeji, kaa macho," alimwambia. "Mgane mwenye sauti nzito si wa kuchezea. Hao huanza na chumvi, wakamalizia na sukari."

Mirihi alitikisa kichwa kwa majonzi kama mtu anayesalitiwa kweli. Ilimpendeza sana kuonewa huruma. Kuna siku karibu auamini uongo wake mwenyewe.

Kumbe Zohali alikuwa akiyapima yote hayo peke yake. Jumapili moja mchana walialikwa kwa mama mkwe, wakala, wakashiba, na kabla meza haijaondolewa akaweka kijiko chini.

"Nataka mjue kabla ya watu wa nje. Ile kazi sitaichukua. Kesho asubuhi nitampigia Profesa nimwambie."

Mama mkwe alishika kifua. "Kazi ya kudumu? Umerogwa?"

"Sina amani, mama. Mwenzangu hali, halali, ana wivu. Nyumba haijengwi kwa mshahara tu."

Shemeji mtu akampiga Mirihi kofi la mgongo. "Umeshinda, shemeji! Mgane chali!"

Na Mirihi? Furaha ilimpanda kutoka kwenye nyayo. Aliona mwili umekuwa mwepesi, hamu ya kula ikamrudia, akavuta bakuli akajipakulia nyama iliyobaki na kuitafuna kwa raha zote. Alikuwa amemaliza kipande cha pili ndipo alipohisi mama mkwe anamkodolea macho. Mirihi akaona haya, akanyanyua sahani chache kama anayesaidia kazi, akamfuata mkewe jikoni.

Zohali alikuwa akisuuza vyombo, mgongo wake umemwelekea.

"Unajua," alisema, "niliogopa umenichoka. Miaka yote hii macho yako yako kwenye udongo tu, hata nikivaa gunia huoni. Nilipoona unavyomchukia yule mzee wa watu bure, nikasema, ala, kumbe bado ananitaka. Basi. Kazi zitakuja nyingine."

Hazitakuja, na wote wawili walijua. Kazi ya namna ile huchukua miaka mpaka mwenye kiti azeeke au afe.

"Na chupa zako?" aliuliza Mirihi.

"Nitawapa wale wa Profesa. Wao wana vyumba, wataziendeleza. Mimi nitaomba kimkataba kingine palepale nilipo, hata cha mwaka."

Mtu mwingine angesikia habari ya chupa tu. Mirihi alijua kilichokuwa ndani yake. Kizazi baada ya kizazi cha vijidudu alivyovizoesha chumvi na baridi kidogo kidogo, hata siku za sikukuu alikwenda kuviangalia, akivisemesha kama watoto. Mtu hagawi kitu hicho na kubaki mzima. Na bado, mnisikie vizuri, alipolisikia hilo furaha ile mbaya ilimruka tena kifuani, mara hii kubwa kuliko ya mezani. Ndipo alipojiogopa. Hakuwa amepata wema wa ghafla, la. Aliona tu kwamba akinyamaza sasa, kitu hiki kitakula nyumbani kwake mpaka kesho kutwa.

"Usizitoe," alisema.

"Nisizitoe nizipeleke wapi?"

"Nenda nazo. Chukua kazi yako. Sina wivu na Profesa."

Zohali akacheka. "Eti sasa huna! Wewe uliyekuwa unamwaga chai?"

"Sijawahi kuwa nao. Hata angekuimbia taarabu sebuleni kwangu, nisingestuka." "Ni wewe niliyekuwa nakuonea gere. Kazi yako. Uliponiita mwenye wivu nikaona afadhali hilo kuliko ukweli wenyewe. Na pale mezani uliposema huendi, sikufurahi kwa ajili ya ndoa. Nilifurahi umekosa kama nilivyokosa mimi."

Mkewe alifunga bomba. Akageuka, mikono inamdondoka maji.

"Rudia hilo la mwisho."

Akarudia. Mara ya pili lilikuwa baya zaidi.

"Kwa hiyo hukuwa unaogopa kunipoteza."

Mirihi angeweza kudanganya hapo. Alikuwa na uzoefu. "Sikuliwaza hilo," alijibu.

Zohali alijifuta kidole kimoja kimoja kwa taulo la jikoni. Alipozungumza hakupaza sauti, na Mirihi alitamani angepaza.

"Wivu ningekaa nao, hata ungekuwa wa kijinga. Huo ni wa mtu anayenitaka. Mimi nilikuwa naacha kila kitu kwa ajili ya wivu huo, na wewe unaniangalia. Unakula nyama."

"Nisamehe, mke wangu."

"Nitakwenda," alisema. "Nitakwenda peke yangu. Mkataba wako bado una miezi, umalize."

"Tuliahidiana nitakufuata."

"Tuliahidiana. Ukipona, nifuate."

Akalitundika taulo, akapita mbele yake kwenda sebuleni. Mirihi akamfuata kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Mama mkwe alikuwa amekaa vilevile, mkono kifuani, na shemeji alikuwa akichokonoa meno.

"Mama, nimebadili mawazo," alisema Zohali. "Kazi naichukua."

"Alhamdulillahi!" Mama yule aliinuka na kumkumbatia bintiye, akimtikisa huku na huku. "Mwanangu! Kiti chako mwenyewe! Waache wadudu wako huko mbinguni walipe fadhila!" Sasa Zohali alicheka kile kicheko chake kirefu, na mara hii hakukikata. Mirihi alisimama karibu na mlango, akaona gere inamuuma upya palepale, na safari hii pamoja nayo akaona kitu kingine kigeni, hofu kavu kwamba mwanamke yule anayecheka anaondoka kweli.

Shemeji mtu alimgeukia, amechanganyikiwa. "Haya, shemeji, nini tena? Umemruhusu? Na wivu wako je?"

Wote wakamtazama wakimsubiri.

"Ule wa Profesa?" alisema Mirihi. "Umekwisha."

Walicheka wote, isipokuwa mkewe.