Video ya Kumuaga Kengele

Kengele alikuwa akisoma matangazo ya vifo katika redio yetu tangu mimi ni msichana wa shule. Mama alinyamazisha nyumba nzima ili amsikilize. Nilipoajiriwa hapa kuhariri sauti, nilishangaa kumkuta mwenye sauti ile nzito ni mtu mfupi, mzaha tele, ambaye akimaliza kusoma majina ya marehemu hutoka studio akiuliza, "Nani kanywa chai yangu?"

Mwaka huu koo likamgeuka. Madaktari walikuta uvimbe, sauti ikabaki mkwaruzo tu, ikabidi astaafu kabla ya wakati. Tukakubaliana kila mmoja aseme neno mbele ya kamera, mimi niunganishe, tumwonyeshe siku ya kumuaga. Mkewe alinipigia simu. "Mwanangu, video imeiva? Mzee anaogopa kisu cha upasuaji, hataki hata kula. Nikiitaja hiyo video ndipo anachangamka."

Nilipoketi kuiunganisha, niliisimamisha video katikati. Wasomaji wetu wote wamefundishwa na Kengele: shusha sauti, tua baada ya jina, ukoo usiukimbize. Sasa kila mmoja alishusha sauti, akalitaja jina la Kengele, akatua. Hata dereva wetu, ambaye salamu yake tu huamsha mtaa, aliinamisha kichwa. Fundi mitambo naye alikuwa ametandika chini ya sauti zao kinanda kile kile kinachotangulia matangazo ya vifo.

"Umesikia ulichofanya?" nilimuuliza.

"Si muziki wa heshima, dada?"

"Umemzika mtu yu hai."

Akacheka, kisha akakizima kinanda. "Mungu wangu. Mkono umezoea."

Nikawarudisha wote mbele ya kamera. "Msimsifu," nikawaambia. "Msemeni."

"Mzee mzima, tumseme?" binti msomaji wa habari za jioni alishtuka.

Dereva hakungoja. "Yule? Akipanda gari langu anakoroma njia nzima, akishuka anasema naendesha vibaya!"

Kicheko kikafungua milango. Lakini yule msomaji wa habari, mwanafunzi wa mwisho wa Kengele, kila alipojaribu, sauti ilishuka yenyewe. Alirudia hadi akalia. "Dada, mbele ya maikrofoni sijui kusema vingine. Hivi ndivyo alivyonilea." Sikuweza kumwacha nje, mzee angemuulizia.

Siku ya kumuaga tulipanga viti katika ukumbi wa mikutano. Kengele alikaa mbele na mkewe, shingo kaifunga skafu. Dereva aliposema habari ya kukoroma, alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, akaashiria irudiwe. Nikairudia. Mkewe alinitazama kwa shukrani, nikajua ile hofu imelegea kidogo.

Kisha akatokea kwenye skrini binti yule wa habari. Akataja jina la mzee. Akatua.

Kengele alisikiliza hadi mwisho, kichwa kakiinamisha upande, kama alivyokuwa akimsikiliza mwanafunzi studioni. Akageuka akamtafuta kwa macho, akamwita kwa kidole. Binti akaja, akapiga magoti kando ya kiti.

"Umesoma vizuri," mzee alikwaruza. "Ila hukusema mazishi ni lini."

Akacheka mwenyewe, mabega yakitikisika vile vile. Tulitazamana, hakuna aliyethubutu kucheka naye. Mkewe alimkazia skafu shingoni, ingawa haikuwa imelegea, na mkono wake ukabaki pale pale.