Mkanda wa Gitaa la Aroni

"Haya, nieleze. Huyo Aroni tumempata lini?" Ephrasia alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kisu cha kumenyea ndizi. "Maana tumbo ni langu. Angepita mtoto humo, akakua, akaoa, akatuletea mjukuu, ningekumbuka walau kidogo."

Ndyamukama, mumewe kwa miaka thelathini na minane, alikuwa amekaa kwenye kigoda, gitaa mapajani. Ni gitaa la nyuzi nne nene, lile wanaloliita besi. Alikuwa amelificha siku tano chini ya magunia ya kahawa, na asubuhi hiyo mkewe alilivuta kwa shingo kama anayemtoa kuku kwenye tundu.

"Ni neno tu lilinitoka dukani," alisema.

"Neno lina miaka kumi na moja? Neno linatumia mkono wa kushoto? Neno halipendi maharage? Zuena, mke wa mwenye duka, kanipa habari zote gulioni, mbele ya wauza dagaa wote wa Muleba. 'Bibi Aroni,' ananiita. 'Bibi Aroni, mjukuu hajambo?' Nikageuka nyuma nimtazame anayeitwa. Hakuna mtu. Kumbe ni mimi!"

Ndyamukama aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa gitaa. Gulio lilikuwa Jumamosi, na leo ni Jumanne. Ephrasia hakuwahi kukaa na neno mdomoni siku tatu, hata ule mwaka alioumwa meno yote kwa mpigo. Jambo hilo lilimshangaza mzee, lakini aibu ilikuwa imemjaa hata asiulize.

Huyu hakuwa mzee wa kuona aibu hivihivi. Kwa enanga, ile ala ya Wahaya inayolazwa mapajani, jina lake lilijulikana kutoka Kimwani hadi Rubya. Inasemwa, na wanaobisha hawakuwapo, kwamba arusi moja alipiga mpaka ng'ombe wakaacha kula, pombe ya ndizi ikaiva siku mbili kabla ya wakati wake, na kikongwe mmoja aliyekufa tangu asubuhi akainuka kuomba mazishi yangoje wimbo uishe. Wimbo ulipokwisha akashukuru, akajilaza tena.

Lakini tangu miaka miwili iliyopita nyuzi nyembamba zilikuwa zimemfia masikioni. Kidole kinagusa, uzi unatikisika, yeye hasikii kitu. Akaanza kukataa arusi kwa kisingizio cha kiwiko. Mkewe hakujua, kwa sababu sauti ya Ephrasia ilikuwa nene, na hiyo ingesikika hata na mtu aliyezikwa.

Ndipo mwaka huo, Waingereza wakiwa wameshaanza kufunga mizigo yao, alipopita Bilele, kule mjini, akakuta bendi ikijaribu nyimbo. Ngoma hakuisikia sana. Tarumbeta hakulisikia kabisa. Ila kulikuwa na kijana mmoja, Lukmani, anayepiga besi, na mlio wake haukupitia masikioni. Ulipanda kutoka ardhini, ukaingia kwenye magoti, ukaja kukaa tumboni kama uji wa moto. Mzee alisimama pale mpaka basi lake likaondoka, na jingine pia.

Alhamisi yake akarudi mjini na kuingia dukani kwa Muhidini.

"Karibu mzee. Unamtafutia nani?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Angesema, "Najitafutia mwenyewe," angekuwa Ndyamukama wa enanga anayeanza upya kama mtoto wa kuhesabu vidole. Basi akasema, "Namtafutia mjukuu. Ndiyo anaanza."

Muhidini akafurahi. Akashusha gitaa la kwanza, jeusi, zito kama mlango wa kanisa. Mzee akalivaa, bega likalia. Akaletewa la pili, lenye mwili ulio wazi ndani na shingo fupi. Akalipima kwa mkono, lakini mkulima wa kahawa hauamini mkono wake. Akaomba mizani. Muhidini akacheka, akayalaza magitaa pale inapopimwa sukari, moja baada ya jingine: la kwanza ratili kumi, la pili ratili sita.

"Hili jepesi ndilo la mtoto," Muhidini alisema. "Shingo fupi, vidole havitapata taabu ya kufika. Tazama nyuzi zilivyolala karibu na mti, hazitamchubua. Likimshinda uzito, siku ya tatu atalitundika ukutani. Mjukuu ana umri gani?"

"Kumi na moja."

"Anaitwaje?"

Jina likaja lenyewe. "Aroni."

"Basi, Babu Aroni, tumtafutie na kisanduku cha sauti."

Babu Aroni! Wenzake wote wa rika lake walikuwa Baba Fulani tangu ujanani, kisha wakawa Babu Fulani. Yeye alibaki Ndyamukama tu, jina lake mwenyewe, kama siku aliyozaliwa. Sasa mtu alimwita hivyo, na dunia haikupasuka. Kila alipoulizwa swali akaongeza jibu, ili aitwe tena. Anatumia mkono wa kushoto. Hapendi maharage. Anacheka kama bibi yake.

Kisanduku kikubwa kilitaka betri ya lori, na sauti yake ingetoa popo darini. Akachagua kidogo, saizi ya kopo la biskuti, kinachokula betri za tochi. "Usikifungulie mpaka mwisho," Muhidini alimwonya. "Kidogo ukikilazimisha kinakoroma." Akagusa uzi mnene. Mlio ukapita kwenye ubao wa kaunta, ukapanda kwenye kiwiko cha mzee, kile kiwiko alichokisingizia miaka miwili. Akalazimika kutazama nje.

"Na kwa bahati," Muhidini akasema, "Lukmani ana safari ya Kimwani Jumanne. Atapita kwako amfundishe Aroni somo la kwanza."

Mzee akasema karibu, huku akiliombea basi la Jumanne lipasuke magurudumu yote manne.

"Na leo ndiyo Jumanne," Ephrasia alisema sasa. "Mwalimu akija utamwonyesha nani? Mbuzi?"

Ndyamukama alianza kulifuta gitaa vumbi kwa upindo wa shati.

"Au utamwazima mtoto wa Kaijage hapo jirani?"

"Jana jioni nilifika mpaka uani kwake kwa shughuli hiyohiyo," mzee alikiri, "nikaishia kuomba chumvi."

"Uliomba chumvi!" Ephrasia alipiga paja. "Chumvi tunayo debe zima, nikajiuliza huyu mzee kaingiwa na nini. Ndyamukama, watu watasema nini? Watasema tumezeeka bila mtoto mpaka tumeanza kujitungia. Mimi nimeyabeba hayo miaka yote kichwa kikiwa juu. Sikumdanganya mtu hata siku moja."

Alilisema hilo la mwisho haraka, akageuka kutazama sufuria.

"Ni masikio, Ephrasia," mzee alisema polepole. "Enanga siisikii tena. Hii naisikia. Nilitaka kusema ni yangu, nikaona haya. Halafu yule bwana akaniita Babu Aroni, na mimi..."

"Na wewe nini?"

"Hodi wenyewe!"

Lukmani alikuwa amekwisha kuingia, vumbi la barabara mpaka kwenye kope, kifurushi kwapani. "Shikamoo Babu Aroni! Shikamoo Bibi Aroni! Basi limetutupa kilimani, nimekuja kwa miguu, nikasema potelea mbali, mtoto asingoje." Akafungua kifurushi juu ya mkeka. "Huu mkanda wa gitaa nimeukata mwenyewe. Nimeupimia mwanangu, naye ana kumi na moja vilevile. Na hii tangawizi na asali katuma Zuena, kwa kile kikohozi cha Aroni. Anasema, Bibi, umpe vijiko viwili, maana ulimwambia kinambana tangu mvua zianze."

Ndyamukama aliinua kichwa, akamtazama mkewe.

Ephrasia alikuwa anaangalia kisu chake, akikigeuza huku na huku, kama anayetafuta kutu. 

"Sasa bwana mdogo yuko wapi?" Lukmani aliuliza, akichungulia upande wa migombani. "Mwambieni asione haya. Aje tu..."

Mzee aliinuka. Aliuokota mkanda pale mkekani, akaufunga kwenye gitaa mwanzo na mwisho, akainama, akajivika. Ulikuwa mfupi mno. Gitaa lilimpanda mpaka juu kifuani, kichwa cha gitaa kikimgusa shavu, akalishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga bila kutarajia.

Lukmani aliacha kuchungulia migombani, akamtazama mzee, kisha mkanda.

Ephrasia akaweka kisu chini, akazunguka nyuma ya mumewe, akaanza kumlegezea mkanda shingoni.