Nilivyopitishwa Kisiwa cha Naxos

Siku ya kwanza ya kazi nilifika bandarini Kalundu, kule Uvira, nimevaa viatu vya kisigino. Komanda wa meli, mwanaume mfupi wa Kalemie asiyependa maneno mengi, aliiangalia miguu yangu, akaliangalia lile daraja la mbao lililotoka gatini kuingia melini, kisha akasema: "Toa hivyo." Nikavitoa. Siku ile yote nilifanya kazi pekupeku juu ya chuma kilicholowa.

Wakati huo hapakuwa na mwanamke hata mmoja kati ya wafanyakazi wa meli. Shefu wa bandari alinichukua kwa sababu wanawake wa biashara, ambao ndio walijaza meli zetu, walikuwa wamechoka kusukumwa na mabaharia. Tena baba yangu alijulikana. Sisi ni Waislamu wa Uvira, watu wa biashara ya ziwa tangu mababu. Yeye mwenyewe alipeleka chumvi na sabuni Baraka, akarudi na mchele. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na nilijua Kifaransa cha kutosha. Cheo changu kilikuwa ajenti wa abiria, lakini abiria waliniita Mama Abiria hata kabla sijazaa.

Meli ilipotoka, nilisimama ukingoni nikitazama maji na milima ya Uvira ikirudi nyuma. Komanda alinipigia kelele kutoka juu, kwenye usukani.

"Unaangalia nini?"

"Ziwa, Komanda."

"Ziwa ni kazi yangu. Weye angalia batu."

Niangalie watu. Sikupewa mafunzo mengine. Mengine niliyaokota mwenyewe, mwaka baada ya mwaka.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana vijana wa leo wanaona meli inajaa na kuondoka, wanadhani basi. Meli inakaa majini kama sahani kichwani kwa mwanamke. Mabaharia wetu waliuita mkao huo asieti, kwa Kifaransa chao cha bandarini. Mizigo mizito, mchele, simenti, magunia ya dagaa wakavu tunaowaita ndagala, ilishuka chini kabisa, katika shimo la mizigo. Juu walikaa watu. Lakini gunia ukiliweka linabaki ulipoliweka. Mtu anasimama, anafuata kivuli, anafuata rafiki, anafuata harufu ya chakula. Kazi yangu ilikuwa kuwafanya watu watulie kama magunia bila kuwakosea heshima.

Wazee niliwaketisha katikati, ambapo meli haitikisiki sana. Wenye kutapika niliwapa tangawizi watafune na kuwaambia wautazame mlima, wasitazame maji. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa juu ya kamba, maana kamba ikikaza ghafla inavunja mguu. Watu wa milimani, wafugaji wa Rurambo na Bijombo walioshuka na fimbo zao, walikuwa abiria wazuri kuliko wote: waliogopa maji, basi walikaa. Waliotusumbua ni sisi wenyewe wa kandokando ya ziwa, tuliojiona tunalijua.

Baada ya komanda yule wa kwanza alikuja mwingine, mtu wa vicheko, aliyenichukua kwenda naye alipohamishiwa Kalemie. Nilikaa huko hadi nilipoolewa, nikarudi Kalundu chini ya komanda wa tatu. Huyu alikuwa mtu wa dini, Mkatoliki wa uwanda wa Ruzizi, mwangalifu sana. Na ni kwake yeye, mwangalifu kuliko wote, lilipotokea jambo ambalo sitalisahau.

Siku hiyo tulibeba arusi kwenda Baraka. Ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta ndani ya beseni. Tulipokaribia, watu wa upande wa bwana arusi walikuwa wamejaa ufukoni wakipiga ngoma. Abiria wetu wote wakasimama na kukimbilia upande wa kuume, wapunge mikono, wapige vigelegele. Nilipaza sauti wakae, lakini nani angenisikia kati ya vigelegele? Meli ikainama. Baharia mmoja akaogopa, akalia: "Rudieni kushoto! Kushoto!" Wakarudi wote kwa mara moja, na hapo ndipo meli ilipolala upande wa pili hata maji yakaingia.

Haikuzama. Ilijiinua. Lakini watu kadhaa walikuwa wameangukia majini, na ijapokuwa wavuvi walikuja mbio na mitumbwi yao, wawili walitolewa wameshakufa: mzee mmoja muuza sabuni, na shangazi ya bibi arusi, ambaye asubuhi ile nilikuwa nimemshika mkono apande.

Jioni nilimkuta komanda ameketi gatini, kofia mkononi.

"Tulikuwa tumeshafika," aliniambia. "Mama Abiria, batu bamekufa tumeshafika."

Aliacha kazi ya meli mwaka huohuo, akarudi kulima kwao. Mimi nilibaki, na swali moja halikuniachia: mtu anayeona kwao umfanyeje akae? Kupiga kelele hakusaidii. Kutisha ni kubaya zaidi. Nilipata jibu nikimtazama jirani yangu mtaani kwetu Nyamianda akimpakata mjukuu. Tulimwita aje aone kitu njiani, akasema, "Ngojeni kwanza, niko nimepakata." Nikaenda biro, yaani ofisi, ya shefu wa bandari, wakati huo kijana mwenye diploma kutoka Bukavu.

"Unataka batu bapakate mizigo yao kama batoto?" aliniuliza.

"Ndiyo, Shefu. Tukikaribia kufika, kila mutu anapewa mzigo wake mapajani. Mwenye kupakata hasimami mbio."

Alicheka, lakini hakukataa. Tulifanya hivyo safari zote zilizofuata. Meli ikifungwa kamba, injini ikinyamaza, komanda anapiga honi, ndipo ninawafungua abiria mstari kwa mstari. Hadi ninastaafu, hakuna mtu aliyeanguka majini mikononi mwangu wakati wa kufika. Walinipa barua, kitenge, na soda ya kuagana, nikarudi nyumbani Nyamianda.

Sasa niwaambie lililonipata baada ya hapo, kwa sababu nalo ni sehemu ya kazi, ingawa halikutokea kwenye ziwa letu.

Binti yangu Zuhura anaishi Ubelgiji na mume na watoto wawili. Mwaka juzi aliniita nimtembelee, na majira ya joto yalipofika akasema tutaenda vakansi, kupumzika, Ugiriki, kwenye kisiwa kinachoitwa Naxos. Mume wake alibaki kazini. Tulipanda ndege, kisha asubuhi tukaenda bandari ya Pireo kupanda meli.

Hiyo haikuwa meli, ilikuwa mtaa. Nyuma yake kulikuwa na mlango wa chuma uliolala juu ya gati kama ulimi, na malori yalikuwa yakiingia humo moja baada ya jingine. Nilitafuta nani anapanga uzito, sikumwona. Watu walipanda ngazi za umeme na kukaa walipotaka, wengine walilala juani juu kabisa wakiwa nusu uchi. Wajukuu wangu, Salma na Idi, walikimbia huku na huku.

"Zuhura, bakalishe batoto," nikasema.

"Mama, hii meli haiinami. Tulia. Uko vakansi."

Nilijaribu kutulia. Bahari ilikuwa ya buluu kali na upepo wa kaskazini ulivuma kwa nguvu, lakini sakafu ilitingishika kidogo tu. Karibu na Naxos kipaza sauti kikasema maneno, na watu mamia wakasimama kwa mara moja, wakachukua mabegi, wakaanza kushuka ngazi kuelekea kule chini kwenye malori. Meli ilikuwa bado inakwenda!

"Mama, twende chini," Zuhura akasema, Idi mkono mmoja, sanduku mkono wa pili.

"Meli haijafungwa."

"Hapa ni hivyo. Njoo."

"Tangulieni. Nakuja."

Hakunisikia vizuri, au alidhani niko nyuma yake. Msongamano ukawachukua. Mimi nikaketi, mkoba wangu mapajani, nikingoja mambo mawili: injini inyamaze, honi ipigwe. Injini haikunyamaza. Honi haikupigwa. Sakafu ikatetemeka tena, nikafikiri sasa ndiyo wanafunga kamba. Nilipogeukia dirisha, nyumba nyeupe za Naxos zilikuwa zinasogea. Gatini nilimwona Zuhura anageuka huku na huku, na Salma ananyoosha kidole kwenye meli. Walikuwa wakizidi kuwa wadogo.

Simu yangu ilikuwa katika lile sanduku alilobeba Zuhura. Sikulia. Nilikaa vilevile, kwa sababu ndivyo nilivyowaambia watu maisha yangu yote: ukipotea melini, kaa, utapatikana.

Aliyenipata alikuwa mwanamke wa makamo, shati jeupe, alama za cheo mabegani. Alikuwa akipita kati ya viti akitazama nyuso, si mabegi. Akasimama mbele yangu, akaniuliza kwa Kigiriki, halafu kwa Kiingereza, halafu, alipoona sijibu, kwa Kifaransa:

"Mama, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Naxos."

"Naxos tumeiacha."

"Nimeona. Nilikuwa ninangoja mfunge kamba."

Hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha jirani, akaniuliza jina la binti yangu. Kisha akanipeleka kwenye meza yake karibu na mlango mkubwa, akapiga simu bandarini Naxos, na haukupita muda nikaisikia sauti ya Zuhura ikilia na kunigombeza kwa pamoja. Meli, yule mwanamke alimweleza, inakwenda hadi kisiwa cha Santorini, na jioni inarudi kwa njia ileile. Nitashushwa Naxos.

Jina lake lilikuwa Katerina. Aliniletea kahawa na mkate wenye jibini, nikakaa pembeni ya meza yake nikimtazama anavyofanya kazi. Mtoto amepoteza kiatu. Wazungu wawili wamegombea kiti. Mzee anataka kujua choo kiko wapi, na ameuliza mara tatu, na mara ya tatu amejibiwa kwa upole uleule wa mara ya kwanza.

"Ulikuwa unafanya kazi gani, Mama?" aliniuliza alipopata nafasi.

"Hii yako."

Alinitazama, akaacha kalamu. Nikamweleza kuhusu Kalundu, asieti, mizigo ya kupakata. Nikamweleza na ile arusi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Sisi bandari zetu ndogo, upepo mkali, meli haiwezi kukaa. Tukiwaacha waketi hadi tufungwe, hatutafika popote. Ninawashusha mapema, na kila mara ninaogopa ngazi." Akaitazama ngazi. "Mmoja alianguka ngazini, nikiwa ninafanya kazi meli nyingine."

Abiria mwingine akaja, akainuka kumhudumia.

Kurudi kutoka Santorini tulikwenda kinyume na upepo. Sasa hata ule mtaa wa chuma ulipanda na kushuka. Watu wakaanza kutapika. Katerina alitoka na mifuko ya karatasi, akainama kwa huyu, akamfuta yule. Mbele yangu msichana mmoja alishika kichwa akiwa mweupe kama unga, nami miguu yangu ikasimama yenyewe kwenda kwake. Katerina akaniona toka mbali, akaja akaniwekea mkono begani.

"Kaa, Mama. Leo wewe ni abiria. Mimi nipo."

Nikakaa. Meli ilipanda, ikashuka. Nilimwona akimpa yule msichana mfuko na kumgeuza uso wake kuelekea kisiwani. Nikaona hakuna nililobakiza kufanya. Macho yakawa mazito.

Vijana wanaofanya kazi hii sasa bandarini Kalundu hunijia nyumbani na kuniuliza kustaafu kunakuwaje. Nawaambia barua si kitu. Barua inakutoa kwenye meli, haitoi meli ndani yako. Nilikaa Nyamianda miaka na barua yangu sandukuni, na kila nikisikia honi ninahesabu nani amekaa na nani amesimama. Mtu anastaafu siku anapomwona mwingine anaifanya kazi yake, akaridhika naye. Wengine siku hiyo hawaioni.

Katerina aliniamsha kwa kunigusa mkono. Tulishuka pamoja hadi kwenye malori, yeye akinishika kiwiko. Ule ulimi wa chuma ulikuwa unateremka huku meli bado inarudi kinyumenyume, povu jeupe linachemka chini, na upepo ukaingia na harufu ya mafuta na chumvi. Niliogopa. Nikatembea. Sikumwachia mkono hadi nilipokanyaga saruji, na nilipogeuka nimshukuru alikuwa ameshawageukia wengine, akiwapa njia.

Zuhura alinikumbatia kwa nguvu hata kilemba changu kikaanguka. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mama, weye! Siku nzima! Ulikuwa unafanya nini mule ndani siku nzima?"

Salma na Idi walinitazama, wakingoja nieleze taabu.

"Nililala," nikawaambia.