Donda Linalokula

Shule niliacha darasa la tatu, lakini mwaka ule wa mafuriko makubwa, nusu ya mji wa Garsen ilinunua chumvi dukani kwangu. Duka la mawe, nimelijenga mwenyewe. Wenye vyeti ndio walioniamkia kwanza.

Mama alikuwa kijijini Kilelengwani. Mto Tana ulipoingia shambani alishinda majini akiokoa mpunga, kisiki kikamchuna muundi. Nikamleta kwangu. Jirani akasema, "Mpeleke hospitali." Nikamcheka. Hospitali ina dawa gani nisiyokuwa nayo? Nikapasua kapsuli za dawa, zile za rangi mbili, nikamwagia unga wake wa manjano kidondani, kama tulivyofanya sote huku. Kikakauka, kikashika gamba. Kila mteja nilimwonyesha.

"Tazama mguu wa mama! Daktari ni nani?"

Mfugaji mmoja wa Kiorma, amekuja kununua sukari, akainama akanusa.

"Ndugu yangu, ng'ombe akinuka hivi, chini ya gamba kunaoza."

"Wewe nenda kachunge!"

Watu wakacheka. Mama naye akacheka. Kumbe mguu ulimuuma siku zote hizo, na hakutaka kuniaibisha mbele ya wateja.

Gamba lilipobanduka lenyewe, niliona mfupa. Barabara ilikuwa chini ya maji, tukampeleka hospitali kwa mtumbwi. Daktari akaandika kwenye kadi neno refu, nikalifuata kwa kidole herufi moja moja: fajedeniki.

"Hili nalo ni nini, daktari?"

"Ni sifa ya donda, mzee. Linalokula. Asili yake ni Kiyunani cha kale, neno lao la kula. Waliona nyama inaisha, wakaliita hivyo. Sisi twasema donda ndugu."

"Hata Wayunani walikuwa nalo?" mama akauliza. "Basi limekula miaka yote hiyo na bado halijashiba?"

Daktari hakucheka. Alikuwa akikwangua mabaki ya ukoko wa manjano.

"Nani alimwagia unga huu? Umefunika uozo, ukala kwa ndani."

Nilifungua kinywa. Mama akaniwahi.

"Mimi mwenyewe, daktari. Ujinga wa shamba."

Nami, niliyejua kusema Garsen nzima, nikaikunja ile kadi nikaitia mfukoni. Wakamkata mguu juu ya goti. Maji yaliposhuka wenzake walirudi kupanda mpunga, yeye akabaki kwenye kiti kibarazani kwangu. Hajawahi kunitaja, na sijawahi kumwambia daktari yule kuwa unga ulikuwa wangu.