Jibu la Arobaini na Moja

Kwa miaka ishirini na sita mwalimu wa dini aliingia darasani na kitabu kimoja, alichokiandika marehemu mumewe: maswali mia, kila swali na jibu lake. Wanafunzi walimwita Bibi Mia. Alijua, na wala hakuudhika.

Zamani somo lilikuwa kukariri. Ukisema "tano", darasa zima linaimba jibu la tano hadi mabati yanatetemeka. Wasio wa dini ya kitabu hicho walitolewa nje kufagia uwanja. Baadaye ikaja amri kwamba wote wakae ndani. Kisha somo likabadilishwa jina, likawa Dini na Maadili. Mwaka huu mtihani nao ukageuka: "Jadili." Watoto wake wakaandika majibu ya kitabu, neno kwa neno, wakaanguka wote.

Mwalimu mkuu, ambaye Bibi Mia alimfundisha tangu akiwa na kamasi puani, akamwita ofisini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ukiniita Mama najua kuna jambo. Sema."

Akamsogezea fomu: Vitabu Vinavyoondolewa. Mwalimu wa somo ajaze na kusaini.

"Nisiposaini?"

"Mkaguzi atakuondoa wewe na kitabu pamoja."

"Na nikisaini?"

"Utabaki. Kitabu kitakwenda stoo."

"Yaani nimzike mara ya pili, na safari hii jembe nilishike mimi."

Mwalimu mkuu akaitazama kalenda ukutani.

Bibi Mia akaenda darasani, fomu ameikunja ndani ya kitabu. Mazoea yana taabu, mdomo ukamtangulia.

"Arobaini na moja! Mke mwema ni yupi?"

"Ni yule alindaye jina la mumewe!"

Ndipo akakumbuka. "Haya, jadilini," alisema.

Msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama mume alikosea? Mke alinde jina, au aseme kweli?"

Darasa likaguna. "Leo umekwisha," mtu akanong'ona.

Bibi Mia akafunua kurasa, mbele, nyuma. Swali hilo halikuwamo katika yale mia.

"Wewe mwenyewe unaonaje, Mwalimu?" yule msichana akauliza.

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Alikuwa na kisomo kumpita mumewe, na kitabu kile alikisahihisha yeye; lakini alipewa mikato na nukta tu. Jibu la arobaini na moja lilipita mikononi mwake, akalitia nukta mwishoni.

"Umeuliza vizuri," alisema. "Kaa chini."

Saa ya mapumziko akajaza fomu. Penye mwandishi, akaandika jina la mumewe kwa mwandiko wake mzuri. Penye mwalimu anayeondoa, akaandika jina lilelile. Tangu ndoa, rejista ya shule haikumjua kwa jina jingine.

Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili. "Mama, hapa itaonekana marehemu amekiondoa mwenyewe."

"Basi ionekane hivyo. Heri mtu ajirudi mwenyewe kuliko kufukuzwa na watoto aliowafundisha."

"Na wewe, Mama?"

"Mimi nina kipindi saa tano. Nipe ufunguo wa stoo, kitabu nikiweke mwenyewe."