Kadi Zetu Zilivyoshuka Tunduma

Nilitoka nyumbani Ikinga kwa sababu moja tu, nayo ni nyonga ya mume wangu. Baba Tumaini aliteleza kwenye mteremko wa shamba la kahawa wakati wa mvua, akaanguka vibaya. Daktari wa Mbeya akasema mfupa hautaungana bila kumpasua na kumwekea chuma. Siku ya upasuaji ilishapangwa. Fedha ilitakiwa ilipwe kabla ya siku hiyo, la sivyo nafasi anapewa mwingine na sisi tunarudi nyuma ya foleni, na daktari alituambia wazi kuwa mguu ule hautasubiri foleni. Mimi sikuwa na wasiwasi. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na kiinua mgongo changu kilikuwa benki, hakijaguswa. Ndivyo nilivyomwambia mgonjwa nikimwekea uji karibu na kitanda, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Ninyi mnaokaa hatua chache kutoka benki hamtaelewa kilichotupata nisipowaeleza utaratibu wetu. Huku milimani Ileje mashine ya kutolea pesa hatuna. Kushuka Tunduma na kurudi kunakula nauli, kunakula siku mbili, na pensheni yenyewe ni ndogo. Basi sisi wastaafu na wajane wa wastaafu tulimchagua mtu mmoja awe anatushukia sote, tukimchangia nauli. Huyo alikuwa Mzee Asajile, mzee wa kanisa, mtu asiyepaza sauti. Kila mwisho wa mwezi tulimkabidhi kadi zetu, na namba ya siri tuliiandika kwenye kipande cha plasta, tukakibandika nyuma ya kadi ili asije akachanganya. Baadaye hata kuzirudisha majumbani tuliona ni usumbufu, kadi zikawa zinalala kwake. Aliyebaki na kadi yake alionekana anaringa.

Mzee Asajile alifariki ghafla wakati wa kuvuna mahindi. Tulimzika kwa heshima zote, nami nilikuwa miongoni mwa waliolia kwa sauti. Baada ya matanga mjane wake alipita nyumba kwa nyumba akigawa kadi. Kwa hiyo safari hii nilishuka mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu nistaafu.

Alfajiri, Ikinga. Kijana wa bodaboda alinipakia kukiwa bado na ukungu, tukashuka kwa breki mpaka Itumba. Pale nilipata nafasi mbele kwenye Fuso lililobeba viazi. Dereva alikuwa Mnyiha mwenye maneno mengi.

"Mama, unaenda Tunduma kununua vitenge?"

"Naenda benki."

"Ah, basi wewe ni tajiri. Ukirudi uninunulie na mimi chai."

Nilicheka na kumwahidi chai. Nakumbuka jinsi nilivyoshika pochi yangu mapajani kama bibi harusi, njia nzima ya Isongole, nikihesabu kichwani kitakachobaki baada ya hospitali. Nilipanga kubadilisha mabati ya jikoni. Nikiikumbuka hesabu ile leo, naona aibu mpaka masikioni.

Adhuhuri, Tunduma. Malori ya kwenda Zambia yalikuwa yamepanga foleni kuanzia mbali kabla ya mji, madereva wamelala chini ya matela. Nilipoteremka, wabadilisha fedha walinizunguka. Mmoja akaniamkia kwa Kibemba, "Mwapoleni bamayo, kwacha? Dola?" Nikamwambia sina kwacha wala dola, nina shilingi zangu na ziko ndani ya ukuta ule pale.

Nikaingiza kadi, nikabonyeza namba, nikaomba kiasi cha juu kabisa ambacho mashine inatoa kwa mara moja. Ikaniambia salio halitoshi. Nikadhani nimekosea sifuri. Nikaomba nusu yake, ikakataa. Nikapunguza tena, na tena, watu nyuma yangu wanasonya, mpaka nikafika kwenye kiasi cha kununulia mfuko mmoja wa mbolea. Hicho ikakitoa. Nilisimama nimeshika zile noti, sitoki mbele ya mashine. Mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Ndani ya benki niliambiwa mtandao unasumbua, na kama nataka taarifa kamili ya akaunti niende tawi nililofungulia, Vwawa, kesho asubuhi.

Jioni, kwa Mama Zuhura. Huyu ni mfanyabiashara wa vitenge aliyetoka Kondoa miaka mingi iliyopita, na watu wa Ileje wanaokwama Tunduma hulala kwake. Mzee Asajile pia alikuwa akilala hapo. Alinipokea kwa salamu ndefu, nikamweleza habari za mgonjwa, akanitengea wali na maharage ya nazi. Nilikula matonge mawili nikashindwa.

"Mwalimu, kula. Mgonjwa ataulizia habari zako, utamwambia umefunga?"

"Mama Zuhura, fedha yangu haipo."

Aliacha kukunja kitenge alichoshika. Nilitegemea aseme mashine zina matatizo, kama watu wanavyosema. Hakusema hivyo. Alisema, "Kaangalie kwanza Vwawa. Halafu rudi hapa kabla hujapanda gari la kwenu." Akaondoka kwenda kuswali, na mimi nikajua kwamba anajua kitu.

Asubuhi, Vwawa. Benki ilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza mlangoni. Aliyenihudumia ni binti mpole wa umri wa Tumaini wangu. Aliniandikisha, akaangalia kitambulisho, akachapa karatasi nyingi nyingi na kuzipanga mbele yangu.

"Mama, ulikuwa hujawahi kuomba taarifa ya akaunti yako?"

"Sikuwahi."

"Hata ile fupi ya kwenye mashine?"

"Mashine ilikuwa haionani na mimi, mwanangu. Nilikuwa namtuma mtu."

Akaanza kunionyesha kwa kalamu, mstari mmoja baada ya mwingine. Mwisho wa mwezi pensheni imeingia, imetolewa, na hiyo ndiyo niliyokuwa naletewa nyumbani bila kupungua hata senti. Lakini siku ileile, dakika chache baadaye, kuna fedha nyingine imetolewa kutoka kwenye kiinua mgongo. Kesho yake tena. Na hapa ndipo niliposhangaa: mwezi uliofuata, fedha ileile ilikuwa imerudishwa dirishani, yote. Ikachukuliwa tena, ikarudi tena. Kwa muda mrefu ilikuwa inatoka na kurudi, kila mara ikitoka kubwa zaidi. Halafu ikawa inarudi pungufu. Halafu ikaacha kurudi.

"Kila ikitoka, tulikuwa tunatuma ujumbe kwenye simu yako," binti akasema.

"Simu sina. Kwetu mtandao ni mpaka upande kilimani."

"Kuna namba hapa uliyoandikisha." Akaisoma. Ilikuwa namba ya Mzee Asajile. Niliiandikisha mwenyewe siku ya kufungua akaunti, kwa sababu ndiye aliyekuwa na simu na ndiye tuliyemwamini. Wenzangu wote walifanya hivyohivyo. Benki ilikuwa ikipiga kelele kila mwezi, ikimpigia kelele yeye.

Nikamuuliza naweza kulalamika wapi. Alinijibu kwa adabu, na kila jibu lilikuwa ukuta. Namba ya siri ilikuwa sahihi, kadi ilikuwa halali, mimi ndiye niliyeitoa. Malalamiko yana muda wake, na muda umekwisha kupita. Kama ningeiangalia taarifa hata mara moja katika miezi ile ya mwanzo, ningeona, na fedha nyingi ilikuwa bado ipo. Akaniambia nibadilishe namba ya siri, niishike kichwani tu, nisimpe mtu kadi, nichukue risiti kila ninapotoa na kuilinganisha na taarifa. Nilitikisa kichwa kwa kila neno, kama wanafunzi wangu walivyokuwa wakinitikisia mimi. Kisha nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za benki nikalia, na sikujali nani ananiona.

Mchana, Tunduma tena. Mama Zuhura alikuwa ananisubiri dukani. Alizitazama karatasi bila kuzishika.

"Mahindi," akasema. "Alikuwa ananunua mahindi kwenu na kuwauzia madereva wa ng'ambo. Anachukua mtaji mwisho wa mwezi, anauza, anarudisha. Nilimwambia, Asajile, hiyo fedha si yako. Akanijibu, narudisha yote, Mama Zuhura, hakuna anayelala njaa. Kweli alikuwa anarudisha. Faida yake ilikuwa ndogo tu."

"Halafu?"

"Halafu kukawa na lile zuio la mahindi kuvuka mpaka. Mzigo wake ukakaa nje na mvua ikaupiga mpaka ukaota. Akachukua kwenu zaidi ili afidie. Ukapata shida na wa pili."

"Mbona hukutuambia?"

"Mwalimu, mimi ni mgeni huku. Ningesimama kanisani kwenu nimseme mzee wa kanisa, nani angenisikiliza?"

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Ningekuwa wa kwanza kumwita mchonganishi. Nilitafuta pia mtu wa kumchukia, nikamkuta Asajile yuko kaburini, na mjane wake anaishi kwenye nyumba inayovuja kuliko yangu. Hakuna hata bati moja lililonunuliwa kwa fedha yangu. Imekwenda, basi, imeliwa na mvua.

Safari ya kurudi sina la kusimulia. Niliketi nyuma ya gari juu ya magunia matupu, na kuanzia Mpemba mpaka Itumba sikuongea na mtu.

Ikinga. Baba Tumaini alijua aliponiona uso. Nilimweleza yote, nikamwonyesha karatasi. Alizitazama kwa muda, akageukia ukutani. Maumivu yalikuwa yamemzidi nilipokuwa sipo. Jirani aliniambia alikuwa anauma shuka asipige kelele. Siku ya upasuaji ilikuwa wiki iliyofuata. Tulihesabu cha kuuza tukakuta hakitoshi hata kitanda cha hospitali.

Siku ya pili niliwaita wenzangu wote wenye kadi, wakaja mchana, wakakaa sebuleni na wengine nje barazani. Niliwasomea taarifa yangu mstari kwa mstari. Niliwaambia alichonifundisha binti wa Vwawa: ombeni taarifa, angalieni kila mwezi, bandueni zile plasta, badilisheni namba, andikisheni simu zenu. Sikumpamba marehemu wala sikumtukana. Wapo waliolia, na mmoja alitoka bila kuaga. Nilidhani nimewaokoa.

Ndipo Bibi Tusekile, mjane wa mwalimu mkuu wangu wa zamani, akaniuliza, "Sasa mwezi huu nani atatushukia?"

"Bibi, mtashuka wenyewe. Ndiyo maana nimewaita."

"Mwalimu, mimi miguu hii ya kufika Tunduma nitaitoa wapi? Na nikifika, ile mashine nitaiambiaje?"

Wengine wakaitikia. Hata kubadilisha namba kunataka mtu asimame mbele ya mashine, na mashine iko kulekule. Walinong'ona kidogo kwa Kindali chetu, kisha Bibi Tusekile akafungua pindo la kanga yake, akatoa kadi, akaniwekea mkononi. Plasta ilikuwa bado nyuma. "Wewe umekwenda, umeona, umesoma," akasema. "Sasa tuko salama." Mmoja baada ya mwingine wakafanya hivyohivyo, wakiniachia na mchango wa nauli. Nilikataa, nikakataa tena. Mwishoni nilizipokea, maana walikuwa wanahitaji kula.

Walipoondoka niliziweka kitandani karibu na mguu wa Baba Tumaini ili nitafute kitambaa cha kuzifungia. Nilichojifunza safarini nimekwisha kukiandika, na kila neno la yule binti ni kweli: angalia taarifa ya akaunti yako, usimpe mtu kadi, usimpe mtu namba. Lakini hakuna aliyewahi kunifundisha namna ya kuwa yule mtu anayepewa.

Baba Tumaini alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Katika ndoa yetu yote sijawahi kumwona akichukua hata yai la jirani. Akanyoosha mkono, akaigeuza kadi ya Bibi Tusekile upande wa plasta.

"Mama Tumaini," akaniuliza taratibu, "bibi huyu kiinua mgongo cha marehemu mumewe alikwisha kukitoa?"

Sikumjibu, kwa sababu neno lililonijia mdomoni lilikuwa, tungerudisha.